SIKU ISIYOPIMWA SI SIKU NJEMA

(Maneno yaliyosemwa na watu wa reli katika mkutano wa wafanyakazi mjini Garissa. Yanachapwa hapa kwa faida ya wanachama ambao hawakuweza kufika.)



 Twajua kwamba baadhi yenu mlicheka mliposikia kuwa watu wa reli watakuja kusema hapa. Reli haijafika Garissa. Imo katika mpango wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu mwezi wa Machi 2012, lakini mpaka leo mtu wa reli akitaka kuja kwenu hupanda basi, na huvuka mto Tana kwa magurudumu ya mpira. Basi hatukuja kuwaambia habari za treni. Tumekuja kusema habari ya sukari katika damu ya wagonjwa waliolazwa hospitali, na jinsi inavyofaa kuhesabiwa. Lakini mtatuvumilia tukitaja mabehewa mara moja au mbili, kwa maana ndiyo kazi tuijuayo.

Sisi si madaktari. Tulisoma shule ya msingi ya misheni, na huko tulifundishwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Jambo la leo halitaki hesabu kupita hiyo.

JAMBO LILILOTULETA

Mwenzetu mmoja, fundi wa mabehewa, ana ugonjwa wa sukari. Alipata kidonda cha mguu, akalazwa katika hospitali moja. Jina la hospitali hatutalitaja. Hatukuja kumshitaki mtu, na tena twaamini kwamba shida hiyo iko mahali pengi.

Siku ya pili ya kulazwa walimpima, sukari ikawa 13. Siku ya tatu ikawa 15. Siku ya nne hakupimwa, kwa sababu vijiti vya kupimia vilikuwa vimekwisha. Siku ya tano asubuhi pia hakupimwa. Jioni mkewe alimkuta midomo imekauka, anapumua mbio mbio, anasema maneno yasiyo na maana. Mama huyo alikimbia duka la dawa nje ya lango akanunua vijiti kwa pesa zake. Mashine haikuonyesha hesabu. Ilionyesha herufi mbili tu, HI, maana yake sukari imepanda kupita uwezo wa mashine kuisoma.

Mwenzetu aliokolewa kwa maji ya mshipani na insulini. Lakini mguu ulikatwa chini ya goti. Hatusemi kwamba mguu ulikatwa kwa ajili ya siku zile mbili. Daktari alisema kidonda kilikuwa kibaya tangu mwanzo, nasi twamwamini. Lakini roho yake ilikuwa karibu kutoka, na hilo si kwa ajili ya kidonda.

Tulipokwenda kumwangalia tuliiona karatasi iliyoning'inia kitandani. Siku ya pili, hesabu. Siku ya tatu, hesabu. Siku ya nne, nafasi tupu. Siku ya tano, tupu mpaka jioni. Tukauliza: je, nafasi hizi tupu zinaandikwa katika taarifa ya mwezi? Tukajibiwa kwamba haziandikwi. Katika taarifa mwenzetu alihesabiwa mara moja: mgonjwa wa sukari, mmoja, ametoka akiwa hai.

Ndugu, taarifa hiyo haikusema uwongo. Lakini mtu akiisoma ofisini hatajua kamwe lililotokea kitandani.

SUKARI INAVYOUMIZA

Chakula tulacho hugeuka sukari katika damu, na mwili huitumia kama injini itumiavyo mafuta. Insulini ndiyo inayofungua mlango ili sukari iingie mwilini itumike. Mtu mwenye afya huitengeneza mwenyewe katika kongosho. Mwenye ugonjwa wa sukari haitengenezi, au huitengeneza kidogo, au mwili wake hauisikii vizuri. Ndugu zetu Wasomali huuita ugonjwa huu macaan, yaani utamu. Jina ni zuri lakini kazi yake ni chungu.

Sukari ikibaki katika damu, figo hujaribu kuitoa kwa mkojo, na mkojo huondoka na maji ya mwili. Mtu anakauka. Akikauka sana akili hupotea. Kwa wengine damu hugeuka kuwa na asidi, pumzi huenda mbio, na bila dawa na maji mtu hufa. Hata isipofika huko, sukari ikiwa juu kidonda huchelewa kufunga, na vijidudu hupata nafasi.

Tena hospitali ndipo sukari hupenda kupanda. Ugonjwa wowote mkubwa huipandisha. Dawa za jamii ya steroidi, ambazo hupewa watu wenye pumu na magonjwa mengine, huipandisha sana. Maji ya mshipani mengine yana sukari ndani yake. Vidonge ambavyo mtu alikuwa akimeza nyumbani husimamishwa. Mgonjwa huambiwa asile kwa kuwa atapasuliwa, halafu upasuaji ukaahirishwa na insulini ikasahauliwa. Kwa hiyo hata mtu ambaye hakujua kuwa ana ugonjwa huu anaweza kupanda sukari kitandani. Nao wasiojua ni wengi. Uchunguzi wa nchi nzima wa Kenya wa 2015 ulikuta kwamba zaidi ya watu wazima 80 katika kila 100 hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja.

Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Banting na Best, na mwezi wa Januari 1922 kijana wa miaka 14 alipigwa sindano ya kwanza. Ni zaidi ya miaka 100 sasa. Mtu aliye porini mbali na dawa akifa kwa sukari, twalia na kusema ni umaskini wa njia. Lakini mtu akifa kwa sukari hali amelala ndani ya hospitali, lazima tuulize ni nani aliyekuwa akihesabu.

HESABU YA WAMAREKANI

Tumeuliza watu wenye elimu kama kuna nchi iliyotafuta dawa ya jambo hili la nafasi tupu. Tukaambiwa kwamba Marekani wana kanuni moja, nasi tumejifunza kanuni hiyo ili tuwaletee.

Huko kuna idara ya serikali iitwayo CMS. Ndiyo inayolipia matibabu ya wazee na ya watu wengi wasio na uwezo. Kwa kuwa inalipa, inadai taarifa. Tangu 2023 hospitali zimeweza kuipelekea hesabu maalum ya sukari iliyopanda mno kwa wagonjwa waliolazwa. Kanuni yenyewe ni hii.

Kwanza, wanaohesabiwa ni watu wazima wenye umri wa miaka 18 na zaidi, ambao wana ugonjwa wa sukari, au wamepewa dawa ya kushusha sukari, au wamepimwa wakakutwa na 200 au zaidi wakiwa wamelazwa. Wamarekani huhesabu kwa miligramu. Mashine zetu Kenya husoma kwa milimoli. Ukitaka kugeuza, gawanya ile ya Marekani kwa 18. Kwa hiyo 200 yao ni 11.1 yetu, na 300 yao ni 16.7 yetu.

Pili, kinachohesabiwa ni siku, si watu. Mtu akilala siku sita, kila siku yake inatazamwa peke yake. Ndiyo maana mtu aliyepata siku nne mbaya hawezi kufichwa ndani ya neno moja "mgonjwa".

Tatu, saa 24 za kwanza haziingii. Hilo ni haki, kwa maana mtu anaweza kuletwa na sukari ya juu kutoka nyumbani, na hospitali haiwezi kulaumiwa kwa mzigo ambao haikuupakia. Baada ya hapo huhesabu siku mpaka ile ya 10 ya kulazwa.

Nne, ndilo jambo kubwa. Siku mbaya ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni siku ambayo sukari ilipita 300, yaani 16.7 yetu, hata mara moja. Aina ya pili ni siku ambayo mgonjwa hakupimwa hata mara moja, ikiwa siku mbili zilizotangulia, mfululizo, kila moja ilikuwa na kipimo cha 200 au zaidi.

Tunarudia kwa ajili ya waliokaa nyuma. Mtu amekuwa na sukari ya juu jana na juzi, na leo hakupimwa: leo huandikwa kuwa siku mbaya, sawa sawa na siku ambayo sukari ilipasua mashine. Hakuna kusema "hatujui, basi tuiache". Kutopima kwenyewe ndiko kosa.

Mtazameni sasa fundi wetu. Siku ya pili 13, siku ya tatu 15. Zote zimepita 11.1. Siku ya nne, tupu. Kwa kanuni hii siku ya nne ni mbaya, na siku ya tano ni mbaya kwa ajili ya ile HI. Siku mbili mbaya zingeandikwa. Kwa taarifa ya kwetu hakuandikwa hata moja.

Mtu anaweza kusema: basi hospitali zitaogopa kuandikwa, zitawapiga wagonjwa insulini nyingi mpaka sukari ishuke chini kabisa. Hofu hiyo ni ya kweli. Sukari ikishuka mno mtu huzimia haraka kuliko ikipanda. Mwaka 2009 ulitolewa uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 6,000 waliokuwa taabani, na wale walioshushwa sukari kwa ukali mno walikufa wengi kuliko wale walioachiwa nafasi. Kwa hiyo Wamarekani wameweka hesabu ya pili kando ya ya kwanza, ya sukari iliyoshuka chini ya 40 yao, yaani 2.2 yetu, baada ya mgonjwa kupewa dawa. Moja inazuia juu, nyingine inazuia chini, kama reli mbili zinavyoshika gurudumu. Ukiweka reli moja tu, treni haiendi.

MKONO JUU YA BOKSI LA EKSELI

Sasa turuhusuni tuseme habari ya behewa. Zamani treni ikisimama stesheni, mkaguzi wa mabehewa alipita kando yake akiweka mgongo wa mkono juu ya kila boksi la ekseli. Boksi likiwa na moto, maana yake grisi imekwisha au beringi imeharibika. Behewa lile hutolewa. Lisipotolewa ekseli hukatika njiani na treni huacha reli. Siku hizi katika njia nyingi za duniani kuna vyombo vilivyowekwa kando ya reli vinavyopima joto treni inapopita, lakini kazi ni ile ile.

Tuseme mkuu ameagiza, "Leteni kila mwezi hesabu ya maboksi yaliyokutwa na moto." Mkaguzi hodari, anayegusa kila boksi jua na mvua, ataleta 6. Mkaguzi anayelala kivulini ataleta 0. Je, nani atapewa sifa? Yule aliyelala. Na mwaka ujao yule hodari naye atajifunza kulala.

Ndiyo maana hesabu yenye akili haiulizi tu "Mmekuta mangapi?" Inauliza pia "Ni mangapi ambayo hamkuyagusa?" Wamarekani wameliingiza swali hilo ndani ya hesabu ya sukari, na hilo ndilo tunalotaka lije katika hospitali zetu.

KUPIMA SI KAZI YA TAJIRI PEKE YAKE

Mtu asituambie kwamba mambo haya ni ya nchi zenye pesa. Kipimo kimoja kinachojulikana duniani juu ya insulini kilianzia hapa hapa kwenu, katika kambi ya Dagahaley, Dadaab.

Vitabu vya dawa husema insulini ikae katika friji, joto la nyuzi 2 mpaka 8. Katika hema la mkimbizi hakuna friji. Kwa hiyo mgonjwa alilazimika kwenda hospitali kila siku kupigwa sindano, jua likiwaka. Madaktari Wasio na Mipaka hawakuridhika kubahatisha. Walipima joto la nyumba za Dagahaley lenyewe, wakakuta kwamba hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Halafu wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaweka aina mbalimbali za insulini katika joto lile lile, la kupanda na kushuka, kwa muda wa wiki nne. Matokeo yalitolewa 2021: insulini ilibaki na nguvu kama ile iliyokaa katika baridi.

Msielewe vibaya. Hii si ruhusa ya kuacha insulini juani au ndani ya gari lililofungwa, na akiba kubwa ya dawa bado hukaa katika friji. Lakini yule mwenye chupa anayoitumia amepata uhuru wa kujipiga sindano nyumbani. Na uhuru huo ulitoka wapi? Ulitoka kwa kupima joto. Kabla ya hapo kila mtu alisema tu, "Garissa kuna joto," na jambo likaishia hapo.

HESABU KWA MFANO

Twaomba kila katibu wa tawi aichukue hesabu hii na kuwaeleza wanachama wake. Ni mfano tu, si hesabu ya hospitali yoyote.

Tuseme wodi moja ilikuwa na wagonjwa 20 wa kuhesabiwa, na kila mmoja ana siku 5 baada ya saa 24 za kwanza. Hizo ni siku 100. Katika siku 8 sukari ilipita 16.7. Katika siku 5 mgonjwa hakupimwa baada ya siku mbili za juu. Siku mbaya ni 8 na 5, yaani 13 katika 100.

Mwezi wa pili barabara imekatika na vijiti vimekwisha. Wagonjwa ni wale wale 20, siku 100. Sukari iliyopita 16.7 imeonekana katika siku 3 tu, kwa kuwa kupima kumepungua. Siku tupu baada ya siku mbili za juu ni 20. Anayehesabu vipimo tu atafurahi na kusema, "Tulikuwa na 8, sasa tuna 3, hospitali imeendelea." Anayehesabu sawa sawa ataona 23 katika 100, naye atajua kwamba jambo limeharibika na atajua ni wapi: si kwa nesi, ni katika ghala.

Kukatika kwa barabara si hadithi kwenu. Mwishoni mwa 2023, na tena mwezi wa Aprili 2024, mto Tana ulifurika, na barabara kati ya Madogo na Garissa ikajaa maji. Mgonjwa wa Mandera au Wajir anayeletwa Garissa kwa rufaa amekwisha safiri mamia ya kilomita. Akifika akute kijiti.

TUNAYOOMBA

Tangu 2013 hospitali nyingi za serikali ziko mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo maombi yetu yaende kwa kaunti, kwa njia ya chama, kwa maandishi, na nakala ihifadhiwe na katibu.

1. Kila mgonjwa mwenye ugonjwa wa sukari, au anayepewa insulini au steroidi, apimwe anapolazwa, na baadaye kabla ya kila chakula na kabla ya kulala. Asiyekula apimwe kila baada ya saa chache.

2. Nafasi ya kipimo isiachwe tupu. Kama hakupimwa, paandikwe "hakupimwa" na sababu: vijiti vimekwisha, mashine imeharibika, nesi ni mmoja kwa wagonjwa wengi mno, mgonjwa amekataa. Neno moja linatosha.

3. Kila mwezi zitolewe hesabu nne: siku zote za wagonjwa hao, siku zilizopita 16.7, siku tupu baada ya siku mbili za 11.1 au zaidi. Na mara ambazo sukari ilishuka chini ya 2.2 baada ya dawa. Hesabu hizi zaweza kufanywa kwa daftari na kalamu, hata pasipo kompyuta.

4. Hesabu hizo zibandikwe ukutani wodini, na zisomwe mbele ya kamati ya hospitali pamoja na hesabu ya vijiti vilivyobaki ghalani. Akiba iagizwe kabla ya mvua, si baada ya mto kufurika.

5. Hesabu hizi zisitumike kumfukuza au kumkata mshahara mfanyakazi wa wodi.

Juu ya hili la tano twataka kusema zaidi, kwa kuwa hapa tuko watu wa chama. Manesi na maofisa wa tiba ni wafanyakazi kama sisi. Mwaka 2017 manesi wa nchi hii waligoma miezi mitano, na 2024 madaktari waligoma siku 56. Hawakugoma kwa kupenda kuacha wagonjwa. Nesi mmoja akipewa wodi nzima usiku, hawezi kupima vidole vyote, hata akiwa na vijiti elfu. Tukileta hesabu hii ili kumpiga nayo, ataandika hesabu za uwongo ili ajiokoe, na kila mmoja wetu angefanya vivyo hivyo. Mkaguzi anayeadhibiwa kila akikuta boksi lenye moto ataacha kugusa. Lakini tukiileta pamoja naye, itakuwa silaha yake. Atasema mbele ya kaunti, "Siku 20 hazikupimwa, na 14 kati yake ni kwa sababu nilikuwa peke yangu." Maneno "tuna shida ya watu" husahauliwa upesi. Hesabu iliyobandikwa ukutani haisahauliwi upesi.

SEHEMU YETU WENYEWE

Ndugu, tusidai kwa wengine tu. Ndugu zetu hupelekewa chai ya maziwa ya ngamia iliyojaa sukari, na tende, mara tu nesi akigeuka. Tukimpelekea mgonjwa chakula, tumwambie nesi. Kabla ya kupimwa, mgonjwa anawe mikono, kwa maana kidole chenye tende hudanganya mashine. Kichupa cha vijiti kifungwe sana, maana joto na unyevu huviharibu. Katika mwezi wa Ramadhani wapo wagonjwa wanaokataa kuchomwa kidole wakidhani kwamba saumu itavunjika. Wanavyuoni wengi wamesema kwamba kupima sukari hakuvunji saumu. Mwulizeni shehe wenu, mkamwambie mgonjwa.

Na mtu wa nyumbani aliyekaa kando ya kitanda aulize kila siku maneno mawili tu: "Amepimwa? Ilikuwa ngapi?" Aulize kwa adabu, na aandike katika kijidaftari. Mke wa fundi wetu sasa anafanya hivyo, na amewafundisha wanawake wengine wa mtaa wake.

PESA NI ZETU

Mwisho, wengine watatuuliza: ninyi ni nani hata mdai hesabu za hospitali? Jibu ni fupi. Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa shilingi 2.75 kwa kila shilingi 100 kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 hutoa 550 kila mwezi. Idara ya Marekani hudai taarifa kwa kuwa ndiyo inayolipa. Nasi twalipa. Alipaye nauli ana haki ya kuuliza kama ekseli imeguswa.

Hatuombi jumba jipya wala mashine ya mamilioni. Twaomba kijiti, kalamu, na ukweli katika ile nafasi tupu. Fundi wetu amerudi kazini. Sasa hukaa kwenye benchi karakanani akitengeneza breki, kwa kuwa hawezi tena kuinama chini ya behewa. Tulipomwambia kwamba tunakuja Garissa kusema habari zake, alituagiza neno moja tuwafikishie: "Waambieni wasiitazame karatasi palipoandikwa tu. Watazame na pale pasipoandikwa."

Basi, ndugu, nendeni mkatazame.  Umoja ni nguvu.